Farasi mwenye masikio yaliyolala: ni mpole kweli, au tunamsoma vibaya?

Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu. Naleta hapa jambo ambalo wapenzi wa farasi wamelizungumza kwa vizazi vingi bila kulimaliza. Wapo farasi ambao masikio yao hayasimami wima kama ya wenzao, bali yamelala pembeni mwa kichwa na huyumbayumba kila wanapopiga hatua. Je, farasi wa namna hiyo ana hulka gani? Katika nchi zenye mila ndefu ya mbio za farasi, hasa Uingereza na Ireland, jibu lililozoeleka ni kwamba farasi huyo ni mkweli, mvumilivu na hana hila, kwamba uwanjani hujitoa bila kubakiza kitu, na nyumbani hata mtoto mdogo anaweza kumwongoza kwa kamba. Msimamo wangu ni kwamba umbo la sikio lenyewe halitoshi kuwa ushahidi wa tabia, ilhali namna sikio hilohilo linavyojongea inaeleza mengi sana kwa mtu anayejua kutazama.

Nianze na chanzo cha imani hiyo, kwa sababu haikuzuka hewani. Mwaka 1834 alizaliwa nchini Uingereza dume wa mbio aliyeitwa Melbourne, na masikio yake yaliyolala yalikuwa miongoni mwa alama alizojulikana nazo, tena aliwarithisha baadhi ya watoto wake. Miongoni mwa watoto hao alikuwemo Sir Tatton Sykes, aliyeshinda mbio za 2000 Guineas na St Leger mwaka 1846; alikuwemo West Australian, ambaye mwaka 1853 alikuwa farasi wa kwanza kushinda mbio hizo mbili pamoja na Derby katika msimu mmoja; na alikuwemo jike Blink Bonny, aliyeshinda Derby na Oaks mwaka 1857. Mfugaji wa zama hizo aliyemwona mwanafarasi mwenye masikio yaliyolala alikuwa na kila sababu ya kuchangamka, maana huenda alikuwa anatazama damu ya Melbourne. Hata hivyo, kilichowafikisha farasi hao kwenye ushindi kilikuwa mapafu, mifupa na misuli waliyoirithi, na sikio lilikuwa alama ya ukoo tu. Alama ya ukoo ikidumu midomoni mwa watu baada ya ukoo wenyewe kuchanganyika na kusambaa, hugeuka kuwa imani inayojitegemea, na hivyo ndivyo ninavyoamini ilivyotokea hapa.

Tukitazama maumbile, sikio la farasi ni gegedu lililokunjwa kama faneli, linaloshikiliwa na kuzungushwa na misuli ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa 10, na linaweza kugeuka nyuzi 180 hivi, kila sikio kwa wakati wake. Kama gegedu ni zito, au kitako cha sikio kimekaa pembeni zaidi kichwani, au misuli ya kuliinua haina nguvu ya kutosha, sikio hulala. Hakuna kati ya mambo hayo lenye uhusiano wa moja kwa moja na ubongo unaoamua kama farasi atashtuka au atatulia.

Jambo la pili, ambalo naliona kuwa ndilo kiini cha mjadala, ni kwamba farasi husikia vizuri lakini hajui vizuri sauti inatoka wapi. Vipimo vilivyofanywa na Rickye na Henry Heffner nchini Marekani, vilivyochapishwa miaka ya 1980, vilionyesha kwamba farasi husikia sauti hadi mitetemo 33,500 kwa sekunde, wakati binadamu huishia kwenye 20,000 hivi. Lakini ili farasi atofautishe pande mbili za sauti, ni lazima pande hizo zipishane kwa nyuzi 25 hivi, ilhali binadamu hutofautisha hata nyuzi 1. Ndiyo maana masikio ya farasi hayatulii. Kila yanapogeuka, yanatuonyesha mawazo yake yameelekea wapi.

Farasi wenyewe wanalijua hilo. Mwaka 2014, Jennifer Wathan na Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex waliwaonyesha farasi picha kubwa za farasi mwenzao akitazama moja kati ya ndoo mbili za chakula. Farasi waliotazama picha walifuata uelekeo wa yule wa pichani, lakini macho au masikio yake yalipofunikwa, uwezo wao wa kuchagua ndoo hiyo ulishuka. Kwa hiyo, kwa farasi, sikio la mwenzake lina habari, na habari hiyo iko katika uelekeo wake wa wakati ule, wala si katika urefu wake au kulala kwake. Karibuni.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa maelezo, lakini naona umeipita haraka mno hoja yenye nguvu kuliko zote, ambayo ni hoja ya ufugaji. Mbwa, nguruwe, mbuzi, sungura na kondoo wote wana koo zenye masikio yanayoning'inia, na karibu hakuna mnyama wa mwituni aliye hivyo ukimwondoa tembo. Charles Darwin aliliona hilo mwaka 1859, akaandika kwamba hakuna mnyama wa kufugwa asiyekuwa na masikio yaliyolala katika nchi mojawapo, na kwamba huenda sababu ni misuli kukosa kazi kwa kuwa mnyama hasumbuliwi tena na hofu ya hatari.

Miaka 100 baadaye, mwaka 1959, Dmitri Belyaev alianza kule Novosibirsk, Urusi, jaribio lake maarufu la mbweha, ambalo Lyudmila Trut aliliendeleza baada ya Belyaev kufariki mwaka 1985. Walichagua mbweha kwa kigezo kimoja tu, yaani upole kwa binadamu, na baada ya vizazi kadhaa wakaanza kuonekana mbweha wenye mabaka meupe, mikia iliyojikunja na masikio yaliyochelewa kusimama. Mwaka 2014 Adam Wilkins, Richard Wrangham na Tecumseh Fitch wakapendekeza maelezo ya kibiolojia: katika kiinitete kuna kundi la seli linaloanzia kando ya uti wa mgongo unaoundwa, ambalo baadaye huchangia rangi ya ngozi, gegedu la sikio, na tezi zinazotoa homoni za hofu. Ukichagua wanyama wenye hofu ndogo, pengine unachagua wenye seli hizo chache au zilizochelewa, na sikio nalo linalegea. Kama hayo ni kweli kwa mbweha, kwa nini yasiwe kweli kwa farasi?

Mwanzisha uzi

Mkuu, hoja yako ni nzuri, na nilitarajia italetwa. Naijibu kwa kirefu kidogo.

Kwanza, hao mbweha wa Novosibirsk hawakutoka msituni. Walitoka katika mashamba ya manyoya, na asili ya koo yao ni Kisiwa cha Prince Edward nchini Kanada, ambako mbweha walikuwa wakizalishwa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kathryn Lord na wenzake walilieleza jambo hili katika makala iliyotoka mtandaoni mwishoni mwa mwaka 2019, wakionyesha kwamba baadhi ya sifa zinazotajwa kuwa zilizaliwa na jaribio, kama vile mabaka meupe, zilikuwepo kwa mbweha wa Kanada miongo mingi kabla. Jaribio halikupoteza thamani yake kwa hilo, kwa sababu upole kweli ulirithiwa, lakini ule uzi unaofunga upole na sikio umelegea sana.

Pili, hata tukikubali nadharia ya seli za kiinitete bila kuipunguza, bado inazungumzia tofauti kati ya mnyama wa mwituni na jamaa yake wa kufugwa kwa ujumla. Haisemi kwamba ndani ya zizi moja mwenye sikio lililolala atakuwa mpole kuliko jirani yake. Kuruka kutoka kauli ya kwanza hadi ya pili ni kosa ambalo watu hulifanya kila siku bila kujua.

Tatu, na hapa ndipo farasi anapoisumbua nadharia yenyewe: yeye ni mnyama wa kufugwa ambaye masikio yake yalibaki wima. Mwaka 2021 kundi kubwa la watafiti, ambamo walikuwemo Pablo Librado na Ludovic Orlando, lilichapisha uchambuzi wa jeni za farasi wa kale, likaonyesha kwamba farasi wote wa kufugwa wa leo wana asili katika nyika za kusini mwa Urusi, na kwamba walianza kuenea kwa kasi mnamo mwaka 2200 kabla ya Kristo. Katika farasi hao, sehemu mbili za jeni zilionekana kuchaguliwa kwa nguvu sana. Moja, GSDMC, inahusishwa na mgongo; nyingine, ZFPM1, inahusika na ukuaji wa seli za ubongo zinazodhibiti hisia na ukali. Maana yake ni kwamba wafugaji wa nyika wanaonekana kuchagua utulivu miaka zaidi ya 4000 iliyopita, na utulivu wakaupata, lakini masikio hayakuanguka. Kama utulivu na sikio vingekuwa vimefungwa kwa kamba moja, leo tungekuwa tunashangaa farasi mwenye masikio wima.

Nne, binadamu hucheza na masikio kwa ajili ya uzuri tu. Farasi wa Marwari na wa Kathiawar, kule magharibi mwa India, wana masikio yaliyopinda kwa ndani hadi ncha zikakaribia kugusana, na wafugaji waliyatunza masikio hayo kwa vizazi kwa sababu waliyapenda. Mgiriki Xenophon, aliyeandika kuhusu farasi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alipendelea masikio madogo kwa kuwa aliona yanakipa kichwa sura ya kifarasi zaidi. Ladha ya mtu inaweza kulisogeza sikio popote bila kuigusa hulka ya mnyama.

Mchangiaji wa tatu

Habari za leo, ndugu zangu. Mimi nimekuwa saisi kwa miaka mingi katika mazizi ya Nairobi, nikiwahudumia farasi wa mbio na wa kupandwa, na nitazungumza yale ninayoyaona kazini.

Sikio likielekea mbele na kusimama, farasi ameona au amesikia kitu, na mpandaji ajiandae. Sikio moja mbele na jingine nyuma ni farasi anayeitazama njia huku akimsikiliza aliye mgongoni. Masikio yakirudi nyuma kwa ulaini wakati wa kazi, mara nyingi amezama katika kumsikiliza mpandaji, na wageni hukosea hapo wakidhani amekasirika. Yakilazwa nyuma hadi kubana shingo, huku pua imekunjamana, hilo ni onyo, na baada ya onyo hufuata meno au kwato. Yakianguka pembeni, mdomo wa chini ukining'inia na mguu mmoja wa nyuma ukipumzishwa kwa ncha ya ukwato, amesinzia. Huyo usimkaribie kimyakimya kwa nyuma, mwite kwanza kwa sauti.

Sasa, kuhusu farasi ambaye masikio yake yamelala tangu kuzaliwa, shida yake ni kwamba onyo lake ni fupi. Sikio lililosimama likirudi nyuma, safari yake ni ndefu na mtu yeyote anaiona. Sikio ambalo tayari liko pembeni husogea kidogo tu, na mgeni haoni tofauti. Nimewahi kumhudumia jike mwenye masikio kama ya mbuzi, ambaye kila mgeni alimwita mpole, naye alikuwa mng'ataji kuliko wote zizini. Sisi tuliomzoea tuliangalia puani na kwenye mkunjo wa juu ya jicho, kwa sababu huko habari zilifika mapema. Lakini nimepata pia wa masikio ya namna hiyohiyo waliokuwa watulivu kabisa, kwa hiyo sitaki mtu aondoke na imani ya kinyume.

Mchangiaji wa nne

Nimshukuru saisi, amesema mambo ambayo vitabuni huchukua kurasa nyingi. Mimi ni daktari wa mifugo, na ninachotaka kuongeza ni kwamba neno "yamelegea" linabeba hali nyingi ambazo hazifanani, na baadhi yake ni ugonjwa.

Mtoto wa farasi aliyezaliwa kabla ya wakati, yaani chini ya siku 320 hivi ilhali mimba ya kawaida hukaribia siku 340, mara nyingi huwa na masikio laini yanayojikunja, kwa kuwa gegedu halijakomaa. Pamoja nayo utaona paji la uso lililovimba kama kuba, manyoya mororo kama hariri na miguu inayolegea kwenye vifundo. Mtu anayemwona na kusema "huyu atakuwa mpole" anapoteza muda ambao ungetumika kumwita daktari, maana mifupa midogo ya magoti na vifundo vyake huenda haijawa migumu, na kumwacha akimbie kunaweza kumharibu kwa maisha yake yote.

Sikio moja likianguka kwa farasi mkubwa aliyekuwa na masikio wima, nafikiria kwanza neva ya uso. Neva hiyo ikiumia karibu na kitako cha sikio, upande huo wote hulegea: sikio, kope na mdomo, na pua huvutwa kuelekea upande usioumia. Kinyume chake ni pepopunda, ambapo masikio husimama kwa ukakamavu na utando wa tatu wa jicho hufunika sehemu ya jicho. Yeyote anayedhani sikio lililosimama daima ni dalili ya uchangamfu aikumbuke sura hiyo. Dawa za kutuliza nazo huangusha kichwa na masikio kwa pamoja.

Kuhusu maumivu, mwaka 2014 Emanuela Dalla Costa na wenzake wa Milan walitengeneza kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa farasi waliohasiwa, na alama ya kwanza katika kipimo hicho ni masikio yaliyokakamaa kuelekea nyuma. Miaka 4 kabla yake, Carole Fureix na Martine Hausberger wa Rennes, Ufaransa, walionyesha kwamba farasi wa shule za upandaji waliokuwa na matatizo ya uti wa mgongo walikuwa wakali zaidi kwa watu. Wengi wa hao tunaowaita wenye hulka mbaya wana mgongo unaouma. Na mwaka 2012, kundi hilohilo la Rennes lilieleza kuhusu farasi wanaojitenga na dunia wakiwa wamesimama: macho wazi, shingo imenyooka usawa wa mgongo, masikio na kichwa havisogei. Kwa mtu wa kawaida farasi huyo anaonekana mtulivu na mtiifu. Kwangu, sikio lisilosogea linanitia wasiwasi kuliko sikio lililolala.

Mchangiaji wa tano

Samahani, wakubwa. Wengi wetu hatuna farasi, tuna punda. Je, haya yote yanamhusu naye? Huku kwetu Lamu punda akiwa na masikio chini tunasema amechoka.

Mwanzisha uzi

Yanamhusu kwa sehemu, ndugu yangu. Sikio la punda ni refu na zito zaidi, na kuna koo, kama punda wa Poitou wa Ufaransa, ambazo uzito wa masikio huyafanya yalale hata mnyama akiwa mzima kabisa. Kwa hiyo kwa punda pia umbo halisemi kitu. Lakini punda huficha maumivu kuliko farasi, hajigaragazi wala hapigi kelele mapema, na ndiyo maana kauli ya "amechoka" ni ya hatari kidogo. Punda wako ambaye jana masikio yake yaligeuka kila ulipompita, leo yameanguka na hata pumba hazifuati, mchunguze au mwite daktari asubuhi hiyohiyo.

Mchangiaji wa pili

Nakubali kwamba mbweha hawatoshi kuthibitisha jambo hili kwa farasi, ingawa nadharia ya 2014 sidhani kama imekufa. Nina swali la matumizi: mtu akienda kumtazama farasi anayeuzwa, mwenye masikio yaliyolala, na muuzaji akasifu upole wake kwa kuyaonyesha hayo masikio, afanye nini?

Mchangiaji wa tatu

Aombe kumwona farasi akiwa bado ndani ya banda, kabla hajafungwa kamba wala kutandikwa. Asimame mbali kidogo, atazame masikio hayo mtu anapopita na ndoo, mwenzake anapolia, na mlango unapogonga. Masikio yakifuata mambo hayo moja baada ya jingine, hata kwa kusogea kidogo tu, huyo yuko nasi. Kisha aguse shingo, mgongo na mahali pa kufungia mkanda wa tandiko, macho yake yakiwa kwenye masikio wala si kwenye mkono. Amwone akitandikwa, na muuzaji asimtangulie kumwandaa. Aulize pia anavyokuwa akiachwa peke yake wenzake wakitolewa nje, kwa sababu wengi wenye sifa ya upole huipotezea hapo.

Mchangiaji wa nne

Na aje mara mbili, siku tofauti, mara ya pili bila kutoa taarifa mapema ikiwezekana. Kama siku ya kwanza kichwa na masikio vilikuwa chini na midomo imelegea, na siku ya pili mnyama ni mwingine kabisa, dawa ya kutuliza ni jambo la kufikiriwa. Uingereza ni desturi daktari anayemkagua farasi kabla ya kuuzwa kuchukua damu na kuihifadhi, ili mnunuzi akipata shaka baadaye ipimwe. Mnunuzi wa hapa kwetu anaweza kumwomba daktari wake afanye vivyo hivyo, na akubaliane na muuzaji kwa maandishi kabla fedha hazijatoka mfukoni.